Kikande cha Mama Shufaa

Shamba la Ndolo lilikuwa wajinga, na hapo mjini Mwingi alivuna mwaka mzima. Siku moja, akinywa chai ya mtu mwingine hotelini kwa Mama Shufaa, alimsikia mwenye hoteli akilalamika kwamba tangu aolewe kutoka Songea hajaonja kikande: viazi vidogo vya ua la okidi mwitu, vinavyotwangwa, vikatiwa unga wa karanga na maji ya majivu, vikasongwa hadi vikatike kwa kisu kama nyama. Atakayemletea gunia, alisema, ataondoka na mbuzi wawili.

Ndolo alijaza gunia viazi vitamu vilivyokauka hadi vikakunjamana. Vya juu tu, vya kumpumbaza mnunuzi, ilibidi viwe vya kweli, basi akamwendea Mbinya, mwanamke aliyevichimba vilimani. Mbinya hakudanganyika kwa maneno matamu. Alimpa kikopo kimoja, akazuia baiskeli yake hadi amletee mbuzi mmoja. Baiskeli hiyo ndiyo mali pekee ambayo Ndolo hakuiiba, na iliuma kuiacha.

Mama Shufaa alivinusa vya juu akatabasamu. Hakutia mkono chini. Akamwonyesha mbuzi wawili wanono waliofungwa nguzoni.

"Si unawaona? Lakini kwetu aliyeleta ndiye anayesonga, na hampi mtu mwiko. Kikikatika kwa kisu, tumemalizana."

"Mama, kwani mimi naweza kukudanganya?"

Mama Shufaa akampa mwiko. Ndolo akajitolea kuchota guniani mwenyewe, akavimaliza vya juu vyote, akatwanga, akasonga. Moshi ulimliza hadi wateja wakadhani ameokoka. Nje mbuzi walilia, kisha wakanyamaza, lakini angeuacha mwiko kikande kingefanya madonge. Akasonga.

Kikashika vizuri. Wateja walikinunua chote kabla Ndolo hajajifuta jasho. Alipotoka, nguzo ilikuwa tupu.

"Wale walikuwa wa Yakub, mchuuzi wa mifugo," Mama Shufaa akamwambia kwa upole. "Alipitia chai, sasa amewapeleka mnadani. Gunia lako la viazi vitamu hilo hapo, mwanangu. Sijaligusa."

Ndolo akalibeba mgongoni hadi kwa Mbinya, kuiombea baiskeli huruma. Alimkuta mume wa Mbinya akiipaka rangi nyekundu.

"Pole na mzigo," Mbinya akasema. "Na kikande je? Mama Shufaa alisema cha mjinga wa mwaka jana hakikushika sana."