Sura ya Wahindu Niliyoiandika Mwenyewe

Jumatatu, 3 Februari

Leo amekuja mzungu kibandani kwangu. Mholanzi, anaitwa Dokta Hanneke. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha nusu ya wateja wangu. Akanipa shikamoo. Umri huo sina, lakini nikaitikia marahaba, maana si kila siku naheshimiwa hapa Kariakoo.

Amesomea dini ya Kihindu mpaka mwisho. Sasa anachunguza vitabu vya shule, vinamwambia mtoto kwamba yeye ni nani. Anataka kujua mtoto wa Kihindu wa hapa Dar akifungua kitabu cha darasani anajiona wapi. Nikamwambia amefika penyewe. Nimefundisha darasa la tano kule Magomeni kabla sijahitilafiana na mwalimu mkuu, ambaye mpaka leo hajaniomba radhi. Na kwa vitabu vilivyokwisha kutumika, soko zima hakuna kama Elimringi.

Akauliza kama nina kitabu chenye sura ya Wahindu. Nikasema kipo.

Hakipo. Nikamwambia aje Alhamisi.

Badria, anayeuza vitabu vipya meza ya jirani, akakohoa. Hana kikohozi yule.

Jumanne, 4 Februari

Nimepekua kibanda chote. Nimepata picha moja ya mwanamume nyuma ya kaunta anapima sukari. Basi. Mke wangu Candida ameniletea chakula, akaniambia nimpigie mgeni simu nimwambie ukweli kwamba sina. Yaani Mholanzi avuke bahari aje asikie sina, halafu aende kwa Badria! Sikubali.

Nitaiandika mwenyewe hiyo sura. Nani wa kunizuia? Kibanda changu kinatazamana na duka la vitambaa la Mzee Jayantilal, na Mzee Jayantilal ni Mhindu. Miaka yote hii namwona. Kwa hiyo Wahindu nawajua.

Nimeimaliza kabla ya chai ya jioni. Wahindu ni wageni wetu wapole. Wanauza vitambaa. Wanalala mapema. Wanapenda kriketi na hawapendi kelele. Siku moja watarudi kwao. Mwisho nimeweka maswali, maana kitabu bila maswali ni gazeti.

Jumatano, 5 Februari

Abbasi wa steshenari amechapa na kujalidi. Jalada: Maarifa ya Jamii, Darasa la Tano. Akauliza jina la mchapishaji. Nikamwambia mchapishaji makini hajitangazi.

Kilionekana kipya mno. Nikakilaza barabarani, mkokoteni wa vitunguu ukakipitia, kisha mwingine. Kimezeeka vizuri sana. Kinanuka vitunguu, lakini vitabu vingapi havinuki kitu?

Alhamisi, 6 Februari

Dokta amekisoma akiwa amesimama. Akauliza kama watoto wanakitumia. Nikasema mkoa mzima. Huzuni ikamwingia usoni, nikajua kazi yangu imemgusa. Akasema angependa kukisoma pamoja na mtoto wa Kihindu.

Nikaanza kumweleza kwamba watoto hao ni vigumu kupatikana. Badria akaingilia. Akasema mjukuu wa Mzee Jayantilal, Hetal, yupo darasa hilohilo la tano, na kila siku akitoka shule anashinda dukani kwa babu yake. Akamwonyesha na duka kwa kidole. Alikuwa anatabasamu, Badria.

Ijumaa, 7 Februari

Tumekaa dukani kwa Mzee Jayantilal, kati ya majora ya vitambaa. Mzee akaniagizia soda. Mama yake Hetal akatoa ruhusa, Dokta akamwomba mtoto asome kwa sauti.

Anasoma vizuri, lazima niseme. Alipofika "wageni wetu wapole" akaweka kidole kwenye mstari. Akamgeukia babu yake.

"Babu, sisi ni wageni wa nani?"

Mzee akasema yeye amezaliwa Ilala, na baba yake Pangani. Hetal akakitazama kitabu tena, akauliza: "Sasa mtihani ukija, niandike ya kitabu au niandike ya babu?"

Dokta akaweka kalamu chini. Mama mtu akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa. Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu pale. Nikamwambia kwenye mtihani huandikwa ya kitabu. Ndivyo ilivyo, sikutunga mimi.

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Akaamini. Soda nikaiweka chini, nadhani gesi ilizidi.

Akaendelea. Kriketi hajawahi kuiona, yeye anacheza netiboli. Mzee Jayantilal akasema taratibu kwamba aliyeandika haya anamjua yeye mpaka saa anayolala. Halafu Hetal akafika kwenye maswali: "Swali la tatu. Elimringi ni muuza vitabu mashuhuri wa Kariakoo. Taja sifa zake."

Mzee akaniambia: "Mwalimu, ungeniuliza. Mimi nipo hapo mbele yako tu."

Nikasema vitabu haviandikwi kwa kuulizana. Nikachukua kitabu changu, nikaondoka kichwa juu. Soda sikuimaliza.

Jumamosi, 8 Februari

Dokta amekuja. Nilijiandaa kwa ugomvi, hakugomba. Akasema amesoma miaka mingi jinsi ukurasa mmoja unavyomfanya mtoto awe mgeni nyumbani kwake, ila hakuwahi kuona ikitokea mbele ya macho yake. Ataiandika, bila kutaja jina langu. Nikamwomba alitaje. Akakataa.

Akataka nimpe Hetal kitabu akisahihishe. Nikakataa mimi pia. Mwandishi ni mwandishi. Nilipokwenda kung'arisha viatu, Candida akakichukua, akampelekea.

Kimerudi jioni kimejaa wino mwekundu. "Anayelala mapema ni babu. Mimi silali mapema. Siendi popote, kwetu ni hapa." Badria amekiwahi, akakitundika mbele ya meza yake na watu wanasimama kukisoma. Kwangu hajasimama mtu. Hata Mzee Jayantilal alivuka barabara akasoma, akacheka mpaka akavua miwani.

Jumapili, 9 Februari

Tukitoka kanisani Candida ameniuliza kama nimejifunza. Nikamwambia sana. Kosa langu lilikuwa moja: niliwaandika watu ambao mjukuu wao yuko ng'ambo ya barabara na anajua kusoma.

Dokta anaondoka kesho, na hapa sokoni hakuna Mholanzi mwingine. Nimeshaanza sura yao. Waholanzi ni warefu. Wote wanazungumza Kiswahili. Hunywa chai kavu, na wakihuzunika huweka kalamu chini. Nimewachunguza wiki nzima.