Vidari Vitano vya Shangazi Elinipa

Siku Mzee Meshack alipozikwa, Sumari, mtoto wa kaka yake, alilia kuliko hata mjane, ila jicho lake moja lilikuwa zizini. Ng'ombe watano wanono, na mwenyewe ndiyo hivyo tena! Kabla chai ya msibani haijapoa, ukoo ulishamfanya mdhamini: awatunzie wajukuu ng'ombe wale, amlipie mjukuu mkubwa, Hanna, ada ya chuo, na akiulizwa hesabu aitoe. Walimchagua kwa sababu alikuwa na tai na maneno. Tai ilikuwa ya kuazima.

Miezi minane baadaye ng'ombe wote walishapita mnadani wakageuka gari, Noah nyeupe, imeegeshwa mjini, mtaa wa Sokon One, nje ya chumba chake cha kupanga. Sumari alijiita mtu wa mipango. Mwenye nyumba wake alimwita kwa jina jingine.

Hanna akapiga simu. "Shikamoo, baba mdogo. Mtihani ni Ijumaa ya wiki ijayo, bila ada siingii. Tunaomba hesabu."

"Marahaba, mwanangu! Jumapili baada ya ibada, naileta ya kitaalamu kabisa."

Aseme wamekufa? Watataka cheti cha bwana mifugo. Wameibwa? Watauliza polisi wa wapi. Ndipo akili yake, ambayo yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiisifu, ikampa jibu: wamechinjwa! Nyama ikishaliwa, nani ataidai?

Jumapili akapanda hadi kwa marehemu, juu ya Usa River, akasimama uani kusoma. "Wa kwanza, alichinjiwa wageni. Wa pili, shukrani kwa Mungu..." Mpaka wa tano. Akakunja karatasi kama mchungaji aliyemaliza somo.

Shangazi Elinipa, dada wa marehemu, alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Sumari, mwanangu, ng'ombe akichinjwa boma hili kidari ni cha nani?"

"Ni chako, shangazi." Alijibu kabla hajafikiri, wenye maneno ndivyo walivyo.

"Haya. Vidari vyangu vitano viko wapi?"

"Na mbavu zangu?" akadakia mzee Ephraimu, mdogo wa marehemu.

Sumari akapima upesi. Akikiri kuuza, ni mwizi, mahakama inamngoja. Akikiri kula, ni mlafi tu, na mlafi hafungwi.

"Nilikula yote mwenyewe, shangazi. Tamaa!"

Hanna akalitazama tumbo la Sumari lililobonyea. "Ng'ombe watano, baba mdogo?"

"Taratibu," akasema Sumari.

"Utalipa," akasema Elinipa. "Na nyama ya buchani sitaki. Kidari changu kinatoka kwa ng'ombe aliyeingia hapa kwa miguu yake. Mwisho Alhamisi, la sivyo tunaonana mahakamani."

Noah ikauzwa kwa hasara ya kuliza, pengo akaliziba kwa kukopa. Alhamisi asubuhi Sumari akapandisha mlima akiswaga ng'ombe watano, viatu vimejaa tope. Mfukoni alikuwa na kisu na pakiti ya chumvi. Walau, alijifariji, ataambulia nyama choma.

Elinipa akawahesabu, akafunga zizi.

"Tunaanza na yupi, shangazi?"

"Kuanza nini? Nani kasema tunachinja?" Akamgeukia Hanna, aliyeshika daftari. "Andika: waliochinjwa wote watano wamefufuka. Mnunuzi wa mmoja yuko getini, ada ilipwe leo hii. Baba yako mdogo aweke sahihi."

Sumari akaweka. Ilikuwa hesabu yake ya kwanza ya kweli tangu azaliwe. Akageuka aondoke.

"Na hiyo chumvi," akasema Elinipa, akinyoosha mkono, "iache hapa. Ng'ombe watalamba."