Elvis wa Etobicoke na Mwezi wa Muharram

Jumatatu, 23 Juni
Nazmin anahamia Vancouver Jumapili, kwa binti yake. Kaka yake Reza anamfanyia karamu ya kumuaga, Ijumaa, nyumbani kwake Markham, mji wa jirani. Usingizi hakuna. Enzi zile Dar, nje ya sinema, nilipandisha nywele kama mwimbaji Elvis, nikalegeza goti moja, Nazmin akacheka. Sikumwambia neno. Akaolewa na muuza vitambaa. Sasa ni mjane, mimi sikuoa, na goti lingalipo. Ijumaa nitamwimbia.

Nimetangaza kwenye kundi letu la WhatsApp. Mahmood, aliyejiita Elvis wa Upanga ujanani, akaandika kwamba kwa nyonga zangu hizi niimbie karibu na hospitali. Wakacheka wote. Nimejitoa kundini. Wataniomba nirudi.

Jumatano, 25 Juni
Hawajaomba. Gervais, jirani yangu hapa Etobicoke, mtu wa Bukavu, ameniazima suti nyeupe ya kwaya ya kanisa lao. Ana mwili mkubwa; suruali naishikiza kwa pini. Anasema hata babake alichana nywele kwa mtindo wa Elvis. Atanipeleka kwa gari. Rangi ya nywele nimejipaka mwenyewe. Bafu jeusi, masikio meusi.

Alhamisi, 26 Juni
Wasiwasi mmoja tu: Muharram. Mwezi ukiandama leo, kesho sisi Mashia tumo katika maombolezo, hakuna karamu wala wimbo. Nimesimama roshanini tangu magharibi. Mawingu matupu. Sikuuona, basi haujaandama. Ningeuliza kundini, lakini nimpe Mahmood raha hiyo?

Ijumaa, 27 Juni
Uliandama. Kundini walitangaziwa jana. Reza alifungua mlango amevaa kanzu nyeusi. Nyuma yake sebule nzima nyeusi, badala ya karamu inasomwa majlisi ya maombolezo. Mimi mweupe pee, nywele juu. Mahmood akavua joho lake akanifunika, bila hata kucheka. Hilo sitamsamehe.

Nikakaa. Msomaji alipofika kwenye kiu ya watoto walionyimwa maji vitani Karbala nililia, na nikashindwa kuacha. Nusu ya machozi, Mungu anisamehe, yalikuwa ya Nazmin. Rangi ikatiririka hadi kwenye kola ya kwaya. Mzee mmoja akanisifu kwa imani.

Tukitafuta viatu mlangoni, Nazmin akaniita Baqirbhai, yaani kaka Baqir, kama zamani. Akasema siku ile ya sinema alicheka kwa kunionea huruma. Aliyempenda ni yule kijana niliyekuwa kabla ya Elvis, mwenye mafuta ya nazi na nywele za kulala upande, na alimngojea muda mrefu aseme neno moja. Nikafungua mdomo. Goti likalegea lenyewe. Akatabasamu, akaitwa garini, akaenda.

Jumapili, 29 Juni
Ameondoka asubuhi. Ndege hupita juu ya jengo letu. Nimezipungia mkono zote, maana ndege yake siijui ni ipi. Nimemkumbuka hata kabla hajafika Vancouver.

Nimeyatafakari maneno yake siku nzima. Mwanamke hakumbuki nywele za mtu maisha yake yote bure. Kosa lilikuwa suti. Elvis alikuwa na nyingine, ya ngozi, nyeusi tii. Nyeusi! Hata mwezi uandame lini, siumbuki tena. Nimeagiza. Maombolezo yakiisha nitakwenda nayo Vancouver. Kawia ufike.

Reza amenipa namba ya simu ya Nazmin. Sipigi. Nataka kwanza anione.