Mkuu wa Kaya Apokea Kijiti

"Wajapani wanaisha!"

"Wanaishaje, kwani wao sukari?"

"Soma mwenyewe, Spea! Umoja wa Mataifa hao. Kufika elfu mbili na hamsini, Wajapani watabaki kama milioni mia na tano, tena wanazidi kushuka. Sisi Watanzania tutakuwa kama milioni mia na thelathini. Tunawapita, bwana! Tunawapita na indiketa tumewasha!"

Hamis alikuwa amepanda juu ya benchi, simu mkononi, kama vile hao milioni mia na thelathini amewazaa peke yake. Salha, mkewe, hakumtazama. Kibanda cha kahawa ni chake, kando ya maegesho ya malori hapa Makambako, na alikuwa anamimina huku Mudy, kitinda mimba wao, amelala mgongoni. Upepo wa Makambako haujali kama umebeba mtoto. Alikuwa anasubiri jibu moja tu. Nesi wa zahanati ya ng'ambo ya barabara alimwambia aje leo kwa ajili ya uzazi wa mpango, na Hamis, baba wa watoto watano, alikuwa amejibu, "Tutaongea." Tutaongea hiyo ilianza Mudy hajajua kukaa. Sasa Mudy anatambaa.

"Mimi habari hii sijaipenda," alisema Nasiri, ambaye wanamwita Spea kwa sababu anauza vipuri vilivyotumika. "Wajapani wakiisha, Noah zitatoka wapi? Milioni mia na thelathini wote tutembee kwa miguu?"

"Tutatengeneza wenyewe! Watu ni nguvu kazi!"

"Nguvu kazi ipi, na wewe umekaa hapa tangu asubuhi?"

Huyo ni mzee Methusela, ameshuka na viazi kutoka Njombe. Kijiweni ni Mzee Lumbesa, kwa jinsi anavyojaza magunia yake mpaka yanaota kichwa juu ya mshono.

"Mzee, hata wewe? Wewe si ndiye bingwa wa kujaza?"

"Ndiyo maana najua. Lumbesa kazi yake kumwonea mbebaji. Wewe unajaza gunia, mgongo ni wa mwenzako."

Spea alicheka hadi akapaliwa na kahawa. Hamis akashuka kwenye benchi. Jina lake hapo ni Mkuu wa Kaya, na alilipata kwenye sensa, Mudy hajazaliwa. Karani alipomwuliza yeye ni nani pale nyumbani, alitanua kifua: "Mkuu wa kaya!" Alipoulizwa watoto, alitaja watatu, wa nne akiwa amemshika suruali. Umri wao ikabidi Salha aitwe kutoka jikoni.

"Nyie mnacheka," alisema Hamis. "Huko Japani shule zinafungwa kwa kukosa wanafunzi!"

"Watuletee hayo madawati," alisema Salha. "Wanao wanakaa wanne wanne."

"Shemeji, usituharibie hoja," alisema Spea.

"Eti nepi zinazouzika huko ni za wazee!" Hamis alijipiga paja. "Taifa zima babu! Taifa la nepi!"

"Wewe ulishanunua ngapi, baba Rehana?"

"Mama Rehana, hapa tunazungumzia mataifa."

"Haya. Mataifa na yaendelee."

Hamis alimgeukia mzee, mkono juu, sauti ya mkutano wa hadhara. "Mimi nawaambia hivi. Mjapani amechoka. Ameangusha kijiti! Mtanzania amekipokea! Na mimi, Mkuu wa Kaya, kijiti nimekipokea kwa mikono miwili!"

Salha aliweka birika chini.

"Umesema umepokea kijiti?"

"Nimekipokea!"

"Mzee Methusela, umesikia? Shemeji Spea?"

"Nimesikia kwa masikio yangu," alisema mzee, akitabasamu ndani ya kikombe.

"Basi tumeongea," alisema Salha. "Nesi ananisubiri. Ni kile cha kuweka mkononi, baba Rehana, kinakaa miaka mitatu."

"We! Mama Rehana! Mimi nimesema kijiti cha mbio!"

"Na mimi naenda mbio."

Alifungua khanga, akamshusha Mudy, akampakatisha baba yake. Mtoto aliamka, akamtazama baba kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Salha alitazama malori kushoto na kulia, akavuka.

Aliporudi, plasta ikionekana juu ya kiwiko, kahawa ilikuwa imepoa na kijiwe kizima kimesimama mbali na Hamis. Suruali yake ilikuwa imelowa kuanzia mapajani hadi magotini.

"Tayari?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tayari. Waambie hao Umoja wa Mataifa wapunguze hesabu."

"Mama Rehana, mtoto kanilowanisha. Sasa nitafanyaje?"

Salha alichukua birika, akalirudisha mkaani.

"Agiza nepi Japani," alisema. "Saizi yako wanayo."