Lifti Haiendi Ghorofa ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Hisa za kiwanda cha saruji zimeshuka tena. Wiki ya tatu mfululizo. Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu, na akiba yangu ya uzeeni iko kwenye saruji hiyo. Yote. Miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza lifti katika jengo hili.

Nikapanda ghorofa ya tisa kwa dalali wa hisa, mama mmoja mpole mwenye miwani. Akaniambia nitulie, nisiuze kwa hofu. Akaongeza kuwa mtu anayekaribia kustaafu hapaswi kuweka kila kitu mahali pamoja. Ninachoweka akiba kila mwezi sasa nikipeleke kwenye hatifungani, yaani niikopeshe serikali. Hilo la mwisho sikulipenda. Mlinzi wa mlangoni, tunamwita Afande, ana hatifungani na analala usingizi wa pono. Leo kaniuliza saruji inasemaje, huku anatabasamu. Nikajitia sikusikia.

Mke wangu naye akauliza hisa zikoje. Nikasema zimetulia. Nimemwahidi nyumba ya chini, isiyo na ngazi hata moja, kwa sababu ya magoti yake. Tunakaa ghorofa ya nne, na hapo petu hapana lifti. Ndiyo, mimi, fundi lifti.

Jumanne, 4 Machi
Nilikuwa ndani ya lifti nabadilisha taa. Wakaingia watu wawili na bahasha za hisa, nyuso zimesawajika. Wakabonyeza tisa. Wanakwenda kuuza, hilo halihitaji kuuliza.

Nikawaza. Bei inashuka kwa nini? Kwa sababu watu wanauza. Wanauzia wapi? Ghorofa ya tisa. Nani anawapandisha? Nikapigwa na butwaa. Muda wote huu nimekuwa nikiipandisha hasara yangu mwenyewe, tena naitia na grisi.

Jumatano, 5 Machi
Saa mbili asubuhi nimezima lifti na kutundika kibao: MATENGENEZO. Afande akauliza imeharibika nini. Nikasema ni suala la kitaalamu. Akauliza la kitaalamu vipi. Nikasema kipuri kimeagizwa.

Saa nane mchana saruji ikapanda! Kidogo tu, lakini imepanda. Nilitaka kumkumbatia mtu. Aliyekuwa karibu ni Afande peke yake. Nikaacha.

Alhamisi, 6 Machi
Imeshuka. Sasa iko chini hata ya bei ya juzi. Nikamlalamikia Afande, bila kugusia lifti, kwamba sielewi watu wanauzia wapi. Akaniangalia kwa huruma. Akasema siku hizi watu wanauza kwa simu, wamejilaza kitandani kwao. Wanaokuja wenyewe ni wa rika letu, wasioiamini simu. Leo kaja muuguzi mstaafu, kafika ghorofa ya tano, pumzi ikamwishia, akarudi. Alikuwa anakwenda kununua saruji, eti bei sasa ni nzuri.

Kununua.

Ijumaa, 7 Machi
Leo sijui niandikeje. Nilikuwa nashuka ngazi na mkoba wangu wa zana. Ghorofa ya sita nikamkuta mwanamke kaketi kwenye ngazi, viatu mkononi, anahema. Mke wangu.

Kumbe alishajua. Habari za saruji alizisikia redioni tangu wiki iliyopita, akawa ananingoja nimwambie. Aliponiona kimya, akaamua kuja kumuuliza dalali mwenyewe. Akataka kujua nani kaiharibu lifti.

Nikasema mimi. Nikaeleza yote. Akanitazama, akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akalia kidogo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikakimbia kuiwasha lifti, nikampandisha hadi juu nimemshika mkono.

Dalali akarudia maneno yale yale ya Jumatatu. Mke wangu akayaelewa papo hapo. Zilizopo zisiguswe, cha kila mwezi kiende kwenye hatifungani, nyumba ingoje mwaka mmoja au miwili. Njiani akaniambia kungoja nyumba anaweza, kudanganywa hawezi. Nimeapa kutomficha tena kitu, na kuiacha saruji ipande na kushuka itakavyo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefikiri Jumapili nzima. Wazo langu halikuwa baya, nililishika kinyume tu. Wauzaji wana simu. Wanunuzi ndio wanaohitaji lifti! Kama ngazi zilimrudisha muuguzi mmoja, zimerudisha wangapi? Basi asubuhi nimeirekebisha kidogo. Sasa ukibonyeza namba yoyote inakupeleka moja kwa moja ghorofa ya tisa.

Mke wangu sijamwambia. Si kumficha, nangoja kwanza matokeo.

Mwenye jengo, ambaye ofisi yake iko ghorofa ya pili, ameshafikishwa ya tisa mara tatu. Bado sijasikia kama amenunua.