Kisiwa cha Oktoba

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Mkutano wa familia kwa Léonie, mjane wa kaka yangu, hapa Murara mjini Goma. Viti tisa vya plastiki, changu kimepasuka mguu. Sikusema kitu. Mutu mukubwa anajulikana kwa kuvumilia kiti.

Habari ni hii. Munezero, mutoto wa marehemu kaka yangu Mbarushimana, ameposwa. Kijana anaitwa Cikuru, wa Bukavu, fundi wa friji, mutulivu. Jumamosi ukoo wao unakuja na mahari. Kwetu, baba wa binti akiwa hayupo, ndugu yake ndiye anasimama na kusema. Ndugu yake ni mimi, peke yangu. Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kununua tai.

Léonie akasema msemaji atakuwa Zihindula. Huyu ni kaka yake Léonie, mujomba wa binti, karani wa biro ya serikali, mutu asiyeweza kukwambia saa bila kuangalia karatasi. Nikauliza kosa langu ni lipi. Léonie akasema kosa hakuna, ila, "Shemeki, wewe ukisimama, tutafika kisiwa cha Morisi wakwe hawajafika hata kwenye viti." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nikawakumbusha kwa upole kwamba nimecheza golfu kwenye visiwa kumi na viwili vya nchi za joto, na kwamba kwenye kimoja gavana mwenyewe alinishikia mwavuli. Zihindula akauliza jina la gavana. Swali la karani.

Mwisho Munezero mwenyewe akasema, akiangalia miguu yake, kwamba anataka Papa mudogo asimame pahali pa papa. Papa mudogo, yaani baba mudogo, ni mimi. Léonie akakubali na sharti moja: golfu, hata neno moja. Sababu ni babu wa kijana, Muzee Balagizi, mukubwa wa ukoo wao. Hana mchezo na uongo. Kuna mwaka aliacha posa ya mjukuu mwingine katikati ya sherehe, kwa sababu wenye binti walikuwa wameazima ng'ombe za jirani ili waonekane matajiri. Alisimama, akachukua fimbo yake, ukoo wote ukamfuata nyuma. Wali ulibaki kwenye sahani. Ndoa ilikufa siku ile.

Nikaapa. Sharti hilo linanihusu vipi? Mimi sisemi uongo. Nasema mambo makubwa, na watu wana masikio madogo.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Asubuhi soko la Kituku, kuagiza samaki za Jumamosi. Mama muuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, anaitwa Nabintu, anatoka upande mmoja na wakwe zetu. Nikamuuliza habari za Muzee Balagizi. Akasema ni mutu mzuri, mukavu kidogo. Akiwa kijana alikuwa anabeba mifuko ya golfu ya muzungu mmoja wa mashamba ya chai, aliyekuwa na kiwanja chake mwenyewe juu ya kilima. Miaka minane alibeba.

Nilikaa juu ya ndoo.

Nimefikiri sana njiani. Léonie aliweka sharti kwa ajili ya wakwe wasiojua. Kwa mutu wa mchezo, kunyamaza ni dharau. Basi si mimi ninayevunja kiapo. Kiapo ndicho kimepitwa na habari. Na nilikishika tangu jana saa sita mpaka leo saa nne. Si kidogo.

Nikamwelezea Nabintu shimo la saba la Morisi, lile la kuvusha mpira juu ya bahari. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nachukua sambaza ama sichukui.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Kibumba, kwa mazoezi. Hapa Goma chini ni mawe ya volkano matupu, ukipiga mpira unarudi kukutafuta. Kibumba binamu yangu Ntirenganya ana malisho. Majani mafupi, mteremko, ukungu. Ukifumba macho na ukitoa baridi, ni Shelisheli. Nilivaa miwani ya jua.

Fimbo: ile ya kuchungia, nimeifunga jembe la zamani kwenye ncha. Mpira: viazi vya Ntirenganya, vile vidogo vya mviringo. Shimo: la fuko.

Viazi vitatu vya kwanza vilipasuka. Cha nne kilifika shimoni baada ya kupigwa mara sitini na moja. Shimo moja, mara sitini na moja, mutu wa miaka hamsini na nne. Nasikia wazungu wanatosheka na mara nne ama tano, wanakwenda kunywa. Watu wavivu. Ndiyo maana wanabebewa mifuko.

Kiazi cha tano kilimpata ng'ombe ubavuni, yule wa maziwa. Ntirenganya akaja. Huyu tulichunga pamoja Masisi tangu utoto, ananijua. Akaniuliza majani mazuri ya visiwa vyangu yanalisha ng'ombe wa aina gani. Nikamwambia kule hakuna ng'ombe, majani ni ya kuangalia na kutembea juu. Akampapasa ng'ombe wake ubavuni. Akasema basi hiyo ni dhambi, na nitoke kwenye malisho yake.

Pikipiki zilinikataa kwa sababu ya jembe. Nimeshuka Goma juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, nimekaa juu ya magunia ya kabichi, fimbo mkononi. Barabara nzima watu walinipungia mkono. Sifa inajitafutia njia yenyewe.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Leo nimetoa kalenda chini ya godoro, kwa kukumbuka tu. Ni ya mwaka 2009. Niliachiwa na muzungu mmoja wa kando ya ziwa, ambaye tulishirikiana miaka mitatu. Zihindula anasema nilikuwa sentineli wake. Nilikuwa langoni, ndiyo. Mutu wa maana anakaa mbele.

Kila mwezi una kisiwa chake na kiwanja chake cha golfu. Nilikuwa nachagua kisiwa cha kesho. Januari ina doa la mafuta ya taa. Machi imeandikwa jina la hoteli kwa herufi kubwa, mutu anaweza kupiga simu kuuliza. Aprili kuna mwanamke wa kaptura, si ya mbele ya wakwe.

Oktoba haipo. Nikakumbuka. Mwaka ule kaka yangu alipokufa, Munezero alikuwa anaingia darasa la tano, na kaye zake, yale madaftari ya shule, hazikuwa na karatasi ya kufunikia. Karatasi ya kalenda ni ngumu, inashinda mvua. Nilimkatia Oktoba.

Basi itakuwa Oktoba. Kisiwa kile nakijua kuliko vyote, niliwahi kukielezea mwaka mzima. Na picha haipo tena. Kaye ya darasa la tano nani anaiweka? Zamani sana ilifungiwa karanga sokoni. Hakuna mutu wa kuja kunipima.

Mchana nilipita kwa Léonie. Zihindula alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la bati, anatafuta cheti cha kuzaliwa cha Munezero. Léonie hatupi karatasi hata moja tangu aolewe. Zihindula akatoka na kitu kwapani, akanisalimia vizuri kupita kiasi. Cheti, bila shaka. Makarani wanafurahia vitu vidogo.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Naandika na mkono mzito. Nitaeleza kwa utaratibu.

Wakwe walifika saa tano. Turubai lilikuwa limejaa. Muzee Balagizi mrefu, mukavu, koti la zamani lililopigwa pasi, fimbo kati ya magoti. Nikasimama. Nikasalimu. Nikataja ukoo wetu, nikataja Masisi, nikamtaja kaka yangu na jinsi alivyokuwa anacheka bila sauti. Nilisema vizuri. Hata Léonie alitikisa kichwa. Wote wananiambia ningekaa pale pale.

Lakini Muzee alikuwa ananiangalia kama mutu anayengoja kitu. Nikamwambia, "Na mimi, Muzee, ni mutu wa golfu kama wewe." Léonie akafumba macho.

Nikaeleza Oktoba. Mnazi mmoja umeinama kushoto, kama mutu anayesikiliza mlangoni. Bahari ya rangi mbili. Ndege mweupe amesimama mchangani kwa mguu mmoja. Na mimi, kofia nyekundu kichwani, naupiga mpira unapotea juani. Muzee alisogeza kiti mbele. Kweli alisogeza.

Zihindula akasimama. Hakupaza sauti. Akatembea mpaka kwa Muzee, akampa kitu kwa mikono miwili, akasema ni kwa ajili ya dosiye, faili la posa. Ilikuwa kaye. Hesabu, Munezero, darasa la tano. Juu ya kifuniko: mnazi umeinama kushoto, bahari ya rangi mbili, ndege, mutu wa kofia nyekundu ametupa mgongo. Chini kabisa: Octobre.

Nikasema mutu yule ni mimi. Njia nyingine sikuiona. Shangazi wa Cikuru akauliza shingo yangu ilikuwa nyeupe mpaka lini. Nikasema ni mafuta ya kuzuia jua.

Watu walicheka, halafu wakaacha, mmoja mmoja, kwa sababu Muzee hakucheka. Aliangalia kaye. Aliniangalia. Mkono wake ukashika fimbo. Ukoo wote wa Bukavu ukaangalia ule mkono. Sahani za wali zilikuwa zimeanza kutoka jikoni, na wanawake wakasimama nazo pale pale. Cikuru alikuwa na uso wa majivu. Nikatafuta neno. Halikuwepo. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Nadhani ni vumbi la Kibumba lilibaki kooni.

Ndipo Munezero akasimama. Binti siku ile hasemi, kazi yake ni kukaa na kuinamisha kichwa. Alisimama. Alisema hivi, nayaandika yote:

"Muzee, unisamehe. Kaye ile ni yangu. Papa alipokufa nilikataa shule. Papa mudogo alikuja kila asubuhi, akanishika mkono, akanieleza kisiwa kile njiani. Leo mnazi, kesho ndege. Nilikuwa nafika darasani bila kujua nimetembea. Mwaka mzima alifanya vile. Ya kwamba hajafika kule, nilijua mapema. Mimi najua kusoma, na kalenda ni kalenda. Lakini hakuazima ng'ombe ya mutu, Muzee. Alinipa kile alichokuwa nacho."

Akakaa. Mama yake akamfunika mabega na kitenge.

Muzee Balagizi aliangalia tena kaye. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kule kisiwani nilipiga mara ngapi, mashimo yote pamoja. Nikasema mia moja themanini na sita, na hakuna aliyewahi kunipita.

Kitu kilitembea ndani ya ndevu zake. Akasema, "Mukwe, mimi nilibeba mifuko miaka minane. Mchezo ule, mwenye kupiga mara kidogo ndiye anashinda. Na maneno ndiyo vile vile. Sasa piga mara moja, tuone."

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa na gavana, nilikuwa na mwavuli. Nikamwangalia Munezero, ana shingo ya baba yake. Nikasema, "Ni mutoto wa kaka yangu. Mumuchunge." Nikakaa.

Muzee akaegemeza fimbo kwenye kiti, akaiachia. Akasema wali unapoa.

Kabla ya kupanda gari aliniita pembeni. Akatoa mfukoni mpira mudogo, wa njano kama jino la muzee, una vishimo vishimo. Wa yule muzungu wa chai. Nabintu alikuwa amemwambia kwamba kwetu kuna mutu wa golfu, ndiyo maana alikuja nao. Alisema tangu ujana wake hajapata mutu wa kuongea naye habari ile. Alikuwa na hamu. Aliniwekea kiganjani, akakifunga kwa mkono wake, akaenda.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Léonie ameleta wali uliobaki na ujumbe: siku ya ndoa, Bukavu, atasema Zihindula. Sawa. Karani naye apate mazoezi. Munezero amerudisha kaye sandukuni, amesema itakwenda naye kwake.

Nimefikiri vizuri ile habari ya kupiga mara kidogo. Namheshimu Muzee, lakini alibeba, hakucheza. Mutu aliye chini ya mfuko haoni yote.

Baada ya misa nilitoa mpira pale nje ya kanisa. Watu kumi na moja walisimama. Wakauliza nimeutoa wapi. Nikawaambia wangoje. Nikarudi nyumbani kuangalia kalenda, kwa kukumbuka tu. Novemba: minazi miwili, maji ya kijani, daraja la mbao. Kumbukumbu imeanza kurudi. Mpira huu niliushinda pale, gavana akiwa ameshika mwavuli.

Septemba shule zinafunguliwa. Mutoto wa jirani, Mahoro, anaingia darasa la tano, na mama yake analalamika kwamba hataki shule, kaye zake ziko wazi, hazina kifuniko. Nimemkatia Novemba. Hivi hakuna mutu wa kuja kunipima.

Nilikaa naye kidogo mlangoni, nikamfunikia kaye ya hesabu, nikamwonyesha minazi na daraja. Akauliza kama kweli nilifika. Nikamwambia mutoto asiulize muzee swali kama lile. Akaugeuza mpira mkononi, akauliza nilipiga mara ngapi.

Nikamwambia mia mbili.