Maji ya Ghafla

Jumatatu, 5 Mei
Dari ya sebule imeanguka. Yote! Imeangukia kochi, televisheni na kalenda ya kanisa. Na Jumamosi wakwe wanatoka Matungu kuja kuzungumzia mahari ya binti yetu Mitchel. Mke wangu Jael ameniuliza watakaa wapi. Nimemwambia atulie, tuna bima ya nyumba. Akasema bima haikaliwi. Mama huyu hana subira.

Jumanne, 6 Mei
Nimesoma mkataba wa bima, mara ya kwanza tangu niutie sahihi. Balaa! Bomba likipasuka ghafla, wanalipa. Paa likivuja polepole kwa kukosa kutunzwa, hawalipi. Letu limevuja miaka miwili. Jael alilalamika kila msimu wa mvua, nami kila msimu nikamnunulia beseni.

Basi, bomba lipasuke. Nimepanda juu na msumeno wa chuma, nikakata bomba la tangi. Sikukumbuka kufunga maji kwanza. Nimelowa hadi soksi. Lakini ghafla ilikuwepo, hakuna wa kubisha.

Jumatano, 7 Mei
Mkaguzi wa bima amekuja, bwana mpole anayeitwa Kiprono. Alipiga picha bomba, akanipa pole. Mambo safi! Lakini mgeni haondoki kwetu bila kula. Jael akaleta obusuma, ugali wa kwetu, na ingokho, kuku mzima, halafu akaomba. Jael haombangi kwa ufupi. Alimshukuru Mungu kwa safari ya mgeni, na kwa kutulinda miaka miwili chini ya paa linalovuja. Hata mabeseni aliyataja, yote saba. Akaomba nisamehewe lile bomba nililokata jana. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Akaniombea kifua.

Kiprono alisema amina, akaandika, kisha akala firigisi. Firigisi ni ya mwenye nyumba!

Alhamisi, 8 Mei
Dai limekataliwa. Nimempigia Kiprono kumweleza kwamba sala si ushahidi. Akacheka, akasema lingekuwa jambo lingine kama dhoruba ingeng'oa mabati. Asante sana, ndugu yangu! Nimeshinda juu ya paa nikilegeza misumari. Jael aliuliza ninafanya nini. Nikasema matengenezo. Alifurahi, maskini.

Jumamosi, 10 Mei
Upepo umekuja! Saa tisa, wakwe wakiwa kwenye mchuzi. Mabati manne yaliruka hadi shambani kwa jirani. Mvua ikammwagikia mzee Phanuel, baba wa kijana, pamoja na kofia yake. Nilipiga picha kumi na saba. Niliposhusha simu, sebule ilikuwa tupu. Mzee Phanuel alisema mlangoni kwamba mwanawe hataoa kwa mtu anayechekelea nyumba yake ikibomoka. Kweli nilicheka kidogo.

Jumapili, 11 Mei
Nimemtumia Kiprono picha. Ameuliza kwa nini kwenye ya tatu kuna kopo limejaa misumari. Shenzi, kopo!

Mitchel analia tangu jana. Nikimsogelea, anahamia chumba kingine. Imeniuma sana, ni mtoto wangu. Basi nimechukua mkataba tena na kuusoma hadi mwisho. Wameorodhesha wasiyoyalipia: kutu, mchwa, ukungu, vita. Ndoa iliyoharibiwa na maji hawajaitaja popote! Nimemwomba Mitchel asipanguse machozi hadi nimpige picha.